Maswali yenu: Mlima hatuna, mbio za baskeli za milimani tunazitaka

Mwezi huu meseji za mpira zimepungua, za baskeli ndo zimejaa, na nyingi zinauliza mambo yale yale kwa sura tofauti: mtu wa kisiwani atajitayarisha vipi na mbio ndefu za baskeli za milimani, zile za kilomita mia na kuendelea, za kutwa nzima au za siku kadhaa. Nimechagua chache, nyengine nimeziunganisha.

Assalaam alaykum. Mimi niko Wete, Pemba, miaka 26, napanda baskeli kila siku kwenda kazini na wikiendi nafika mpaka Kigomasha na kurudi. Rafiki yangu alioko Nairobi ananishawishi tuingie mbio za siku nne kule Maasai Mara. Hapa kwetu mlima mkubwa ni ule wa kushukia bandarini, na jamaa wa barazani wananicheka wanasema nitarudishwa kwenye machela. Mazoezi ya mlima nitayafanya wapi? – Wa Bandarini

Waalaykum salaam. Waache wacheke, baraza bila ya kicheko si baraza. Nadhani unazozisema ni Migration Gravel Race, zilianza 2021, karibu kilomita 650 kwa siku nne na jumla ya kupanda kama mita 8,000. Wengi wanaingia na baskeli za changarawe, zile za usukani wa kupinda, lakini ya milimani yenye tairi nyepesi inakwenda vizuri tu na kwenye mawe mabaya utawashukuru wazee wako.

Sasa hebu piga hesabu. Mita 8,000 kwa siku nne ni mita 2,000 kwa siku. Tuseme kilima chako kina mita 40 kutoka chini hadi juu, ina maana siku moja ya mbio ni kukipanda mara 50. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakaekwambia ukifanye hivo kila wiki, majirani watakuita mganga. Lakini mlima mrefu si urefu wake unaokumaliza yakhe, ni kule kukaa muda mrefu unasukuma pedeli kwa nguvu bila ya nafasi ya kuacha miguu ipumzike, na hicho kitu hapa kwetu tunacho, kinaitwa upepo. Kusi ikikaa sawa, mwezi wa Juni mpaka wa Tisa, toka Konde asubuhi uelekee Chake halafu Mkoani, upepo wa usoni njia nzima na vilima vya Pemba katikati, shika gia nzito kidogo kuliko unavopenda, kaa kwenye siti usisimame, kwa dakika 20, kisha legeza dakika tano, kisha tena. Kaskazi ikiingia Disemba geuza njia, anzia Mkoani upande juu. Vijana wa Unguja nao ni hivo hivo, kusi warudi mjini kutokea Nungwi, na wakitaka kilima wana Masingini pale, kifupi lakini kinatosha kujifunzia kubadilisha gia kabla mguu haujakwama.

Mara moja kwa wiki fanya hilo. Mara moja nyengine panda hicho kilima cha bandarini kwa kurudia rudia, dakika tatu tatu juu kwa nguvu, unashuka taratibu. Siku zilizobaki nenda polepole, na nasema polepole kweli, uweze kuzungumza na mtu bila kukata maneno, maana kosa la vijana wetu wengi ni kwamba kila wakipanda baskeli wanashindana na daladala, matokeo yake hawana siku ya nguvu wala siku ya kupumzika, wana siku za kuchoka tu. Safari yako ndefu ya wikiendi iongeze kidogo kidogo mpaka uzoee kukaa saa sita, saba juu ya siti, na kila wiki ya nne punguza.

Mambo mawili ambayo huwezi kuyafanyia mazoezi kisiwani. La kwanza ni hewa. Kule uko karibu mita 1,500 mpaka 2,000 juu ya bahari, na kwenye mita 2,000 oksijeni unayovuta kila pumzi imepungua kama sehemu moja katika tano ukilinganisha na ya Wete. Kwaio mwendo ambao hapa ni wa kawaida kule utakuwa unahema. Ama ufike wiki mbili kabla, kama una jamaa wa kukuhifadhi, ama ufike siku moja kabla uanze, na vyovyote vile siku ya kwanza usiangalie spidi, sikiliza pumzi yako. Faida yako wewe ni joto: mwili uliozoea kutoka jasho Pemba una maji mengi zaidi kwenye damu, na jua la mchana litakalowaangusha wale waliotoka nchi za baridi wewe utaliona la nyumbani. Ila usiku chukua sweta, usije ukasema hukuambiwa.

La pili ni kushuka, na hapa nakuomba unisikilize. Kisiwani hakuna mteremko wa dakika kumi, kwaio hakuna mtu hapa alioujua uchovu wa mikono na breki zinazochemka. Mkenya Sule Kangangi, aliekuwa nahodha wa Team Amani, timu ya baskeli ya vijana wa Afrika Mashariki, na mmoja wa waendeshaji bora wa changarawe Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi katika mbio za Vermont, Marekani. Mungu amrehemu. Alikuwa na uzoefu kuliko sote hapa tukijumlishwa. Basi kwenye mteremko: pedeli zilingane, moja mbele moja nyuma, matako yanyanyuke kidogo na yarudi nyuma, kidole kimoja tu kwenye kila breki, funga kwa nguvu kabla ya kona kisha achia ndani ya kona, usiburure breki njia nzima kama gari la ng'ombe. Macho yaangalie unakotaka kwenda, ukiliangalia jiwe utalipanda. Kazoeze kona kwenye changarawe yoyote iliolegea, polepole, mpaka tairi la mbele likiteleza usishtuke.

Naishi Makunduchi. Nikiingia njia za ndani kuelekea Kizimkazi na Muyuni sirudi bila ya pancha, mara mbili tatu. Mashindanoni watu wanafanyaje? Au mawe yetu ndo mabaya kuliko ya wenzetu? – Kiraka

Mawe yenu mabaya wallahi, yale ya uwanda ni matumbawe ya zamani, yanakata kama wembe na yanakata ubavuni mwa tairi, ambako ni kwembamba. Lakini kwa maelezo yako ya nyuma (umesema tundu mbili mbili zinakaa sambamba) tatizo lako si jiwe, ni upepo mdogo kwenye mpira. Tairi likigonga kingo, ringi inaubana mpira kwenye jiwe na inautoboa pahala pawili. Ukitumia mpira wa ndani na una kilo kama 70, usishuke chini ya psi 28 hivi nyuma (psi ni kile kipimo cha upepo kwenye saa ya pampu).

Wanaoshindana karibu wote hawatumii tena mpira wa ndani, wanaziba ringi kwa utepe, wanatia yale maji meupe ya kuzibia, tundu dogo linajiziba lenyewe unaendelea na safari hata hujui. Na bila ya mpira wa ndani unaweza kushuka mpaka psi 20 na kitu, tairi linashika mchanga vizuri zaidi. Yale maji kwa joto letu yanakauka haraka, kwaio usingoje miezi sita kama ilivoandikwa kwenye chupa, kila mwezi au miezi miwili litikise gurudumu karibu na sikio, kama husikii kitu kinachapa chapa ndani ongeza.

Kwenye mfuko wa chini ya siti usikose hivi: mpira mmoja wa akiba, zile kamba za mpira za kuchomekea tundu kubwa, pampu inayofanya kazi (ijaribu kabla!), kiungo cha kuungia cheni kinacholingana na cheni yako, na kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliokatwa na kusafishwa, unakiweka ndani ya tairi lililochanika ubavu usije mpira ukachungulia nje. Na kitu kimoja ambacho hata mafundi wetu wengi hawana dukani, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa makusudi kipinde au kivunjike kabla fremu haijavunjika, na kila baskeli ina chake, cha mwenzio hakikai. Ukianguka upande wa kulia kikapinda, gia zote zinacheza na cheni inaweza kuingia kwenye njiti. Agiza viwili mapema, kimoja kikae nyumbani.

Mwalimu, mimi tumbo. Nikipita saa tatu juu ya baskeli natapika au nazimika kabisa, miguu haina kitu. Nakunywa maji mengi sana, lita moja kila saa na zaidi. Hizo jeli za sukari za watu wa nje bei yake ni ya kununulia samaki wa wiki. – Mwana wa Fuoni

Hapa ndo pahala ambapo mbio hizi zinapotea, si kwenye mapafu wala kwenye bei ya baskeli, kwaio nitakaa kidogo.

Miguu kukosa kitu baada ya saa tatu ni sukari ya mwilini imekwisha. Mwili unahifadhi ya kutosha kama saa moja na nusu mpaka mbili za mwendo mkali, baada ya hapo unaishi kwa unachokitia mdomoni, na kiasi ni gramu 60 za wanga kila saa kwa mtu anaeanza, waliozoea wanafika 90. Gramu 60 ni kitu gani kwa lugha ya Darajani? Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama 25. Tende ndogo ya kawaida ni kama tano au sita, zile kubwa laini zinafika 18. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu nne. Kwaio ndizi moja na tende ndogo sita saba umemaliza saa yako, na hakuna jeli iliohusika hapo. Kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi kinafaa sana, mkate wa kumimina uliokatwa vipande vidogo unafaa saa za mwanzo ambapo bado una hamu ya kutafuna. Halua tamu lakini ina samli, tumbo likiwa linatikisika itakurudia, iweke ya baada ya kumaliza na kahawa.

Chupani: lita moja ya maji, sukari vijiko vya chai 12 hivi, chumvi robo mpaka nusu kijiko, kamulia ndimu. Onja, iwe kama jasho tamu. Chupa ya pili iwe maji matupu ya kusukutulia.

Na hayo maji yako mengi matupu ndo yananitia wasiwasi. Ukinywa maji matupu kwa wingi huku unatoka jasho la chumvi, chumvi ya damuni inashuka, mtu anapata kichefuchefu, kichwa, vidole vinavimba, anadhani kapungukiwa na maji, anakunywa zaidi, na hali hii ikizidi inaua. Kunywa kwa kiu yako, tia chumvi, ukiona unaongezeka uzito baada ya safari jua umezidisha. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na chumvi ndogo, kwaio wakati wa mbio halitoshi peke yake, labda ulile na kitu cha chumvi.

Halafu anza kula mapema, dakika ya 20, kabla ya njaa, kidogo kidogo kila robo saa. Weka saa ikulilie. Ukingoja njaa umeshachelewa, damu imekimbilia miguuni, tumbo halifanyi kazi, ndo hapo unatapika. Tumbo nalo linafundishwa, kwaio kila safari ndefu ya mazoezi ule vile vile utakavokula kwenye mashindano, usije ukaonja kitu kipya asubuhi ya mbio kwa sababu ya kupewa bure.

Mimi ni mwanamke, Chake Chake, na nataka kuanza. Baskeli ninayo. Shida yangu mavazi na maneno ya watu, na siti inaniumiza mpaka nashindwa kukaa chini siku ya pili. – Bi Mdogo

Bibie, karibu sana. Buibui refu na cheni havipatani, pindo likiingia kwenye njiti unaanguka na kichwa, na nguo nzuri imekwisha. Wenzako wanavaa kaptula ya sponji ndani, juu suruali pana iliobana kwenye kifundo cha mguu, shati refu la kufika magotini lenye mpasuo pembeni, na hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi chini ya helmeti, isiwe na mafundo wala pini nyuma. Unasitirika na unapumua.

Kaptula ya sponji haivaliwi na chupi ndani. Najua. Lakini mshono wa chupi ndo unaochubua, na jasho letu hili linamalizia. Vua mara tu ukifika, oga, fua kila siku, anika juani. Siti pima upana wake: kaa juu ya kipande cha boksi kwenye ngazi ya baraza, inuka, utaona mashimo mawili ya mifupa, mafupa hayo yakae juu ya siti yasining'inie nje, na wanawake kwa kawaida wanahitaji siti pana kidogo. Laini sana si dawa, inazama na kubana pahala pasipotakiwa.

Maneno ya watu: toka baada ya alfajiri, njia tupu, hewa nzuri, na kama kuna kaka au jamaa wa kike wa kwenda nae mwanzoni ni bora, zaidi kwa sababu ya magari. Baada ya mwezi watakuzoea, watahamia kwa mwengine.

Ramadhani inaniharibia mazoezi kila mwaka. Niache kabisa? – Saimu, Mkoani

Usiache, punguza. Saa moja nyepesi kabla ya magharibi, ukimaliza adhana imeshakaribia na maji yako karibu, hiyo mara tatu kwa wiki inakushikilia usipoteze ulichojenga. Mazoezi ya nguvu yaweke baada ya tarawehe kama una pahala pa usalama, wengine wanapanda baskeli iliofungwa uani. Safari za saa tano sahau mpaka Idi. Futari usijaze viazi vya nazi mpaka shingoni kisha ukapanda, anza na tende na uji, swali, kula baadae. Mbio zikiangukia ndani ya mwezi wenyewe na uko safarini, hilo muulize shekhe wako, mimi ni mtu wa magurudumu.

Napenda kupanda ufukweni Paje mpaka Jambiani maji yakipwa, mchanga mgumu raha. Fundi ananambia ninaiua baskeli. Kweli? – Mchanga

Fundi wako mkweli. Kwa bamvua maji yanatoka sana kwenye saa nne saa tano asubuhi na mchanga unakuwa kama lami, naelewa utamu wake, lakini chumvi inaingia kwenye bearingi na kwenye cheni, na mafuta yakishika mchanga inakuwa sandpepa. Ukirudi oshea maji baridi ya mfereji, ndoo na sponji, usipige maji ya presha kwenye ekseli, kausha kwa kitambaa, tia mafuta tone tone kwenye kila kiungo halafu futa yaliobaki nje. Mafuta ya cherehani si mabaya, yanakwisha haraka tu. Ya kupikia hapana.

Cheni ipime mwenyewe kwa rula ya skuli, upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu viungo kamili 12 (kiungo kamili ni chembamba na kipana pamoja), pini inatakiwa iangukie kwenye inchi 12 hasa. Ikipita kwa mstari mmoja mdogo wa sehemu ya kumi na sita, badilisha cheni. Ikipita miwili utabadilisha na meno ya nyuma, hapo ndo utakumbuka bei ya cheni ilivokuwa ndogo.

Cape Epic ya Afrika Kusini naweza kuingia peke yangu? Na kama haiwezekani, nimchukue shemeji yangu? – Mpweke, Mwanakwerekwe

Peke yako hapana. Tangu ilipoanza 2004 ni mbio za watu wawili wawili, siku nane, kilomita 600 na zaidi, na sharti lake ni kwamba nyinyi wawili msiachane zaidi ya dakika mbili, mkiachana kwenye vituo mnapigwa adhabu ya muda. Kwaio mtu unaemtaka si alie na kasi, ni yule ambae mkiwa mmechoka, mmelowa, na cheni imekatika kwa mara ya pili, bado mnasemezana. Shemeji wako unamjua wewe. Kabla ya kulipa ada, ambayo si pesa ya mchezo, nendeni nae kwanza Pemba siku tatu, Mkoani, Ngezi na kurudi, mvua ya vuli ikiwa imeshaanza na ule udongo mwekundu unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki. Mwenye nguvu akae mbele kwenye upepo na abebe vifaa vizito, alie dhaifu ndo apange mwendo kwenye kupanda. Mkirudi boti moja na bado mnacheka, jazeni fomu.